Rinda Rango

Jumamosi, 22 Februari

Nimepata. Aimable mwenyewe alinipigia simu mchana, nikiwa naanua nguo kabla mvua haijafika Kagarama, akaniambia kwamba kampuni ya Nairobi imesikiliza sauti zote zilizopelekwa na imechagua yangu. Mimi ndiye Kapteni Ilva. Nilimwomba arudie, akarudia huku akicheka.

"Merikebu ya Kumi", ile tamthilia ya anga, inanizidi umri. Baba aliitazama kwa Kifaransa kule Bujumbura, kabla hatujarudi Rwanda. Sisi watoto tuliijua kwa mdomo wa Mzee Révérien, aliyeweka sauti yake juu ya filamu, akatafsiri kila neno kwa Kiswahili chetu cha mtaani na kuongeza ya kwake. Kapteni Orsa akikaribishwa chakula kwenye sayari ngeni, Révérien alitwambia, "Huyu iko anacheka lakini muangalie mkono, sasa hivi atamuuza Kapteni." Ilikuwa kaseti, ikawa CD, ikawa flashi. Nusu ya watu wazima ninaowajua wamelelewa na sauti ile. Sasa kunakuja msimu mpya kabisa. Orsa amekufa, binti yake ameshika usukani, na kwa mara ya kwanza kutakuwa na Kiswahili sanifu, kila mhusika na sauti yake, kitakachorekodiwa hapahapa Remera katika studio ya Aimable.

Mama alipiga magoti papo hapo jikoni. Mdogo wangu Régis alinibeba mgongoni akanizungusha sebuleni, akaomba nimpe cheo chochote kwenye merikebu, hata cha kufagia. Ana miaka ishirini na sita na kila kazi aliyoipata imemtema. Nilifurahi kumwona anafurahi.

Jean-Paul, fundi wa sauti, ameniambia nisiongee sana nyumbani, nilitunze koo. Kwa hiyo jioni nitaandika.

Jumanne, 25 Februari

Nimewaaga wanafunzi wangu. Mkuu wa shule amesema mlango uko wazi nikitaka kurudi. Sitarudi.

Jumatatu, 3 Machi

Studio ina paa la bati. Mvua ikianza, Jean-Paul anazima kila kitu na tunakaa tukitazamana. Leo tumesimamishwa mara nne. Mara ya mwisho mawingu yalikuwa yameshatufunika na Aimable alitaka tumalize vile vita vya sehemu ya kwanza, kwa hiyo nikasema maneno yote mfululizo bila kupumua, na tone la kwanza likagonga bati nilipofunga mdomo. Tulipigiana makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike polepole.

Mashabiki wa hapa wanajiita Mabaharia. Mkuu wao ni Xavérine, mwenye duka la vitenge, ambaye ananijua tangu nijiunge na kundi lao la WhatsApp miaka sita iliyopita. Alikodi baa moja ya Remera, chini ya uwanja, akatundika shuka kubwa jeupe ukutani, akanikalisha meza ya mbele na Régis. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Wengi walivaa fulana za zamani zenye uso wa Orsa.

Walianza kunung'unika kabla sijasema neno. Wimbo wa kufungulia umebadilishwa. Merikebu imepakwa rangi ya kijivu. Orsa amekufa nje ya picha, hata hatukuoneshwa. Kisha Ilva akaingia na sauti yangu ikatoka kwenye spika, na mtu nyuma yangu akasema, "Huyu iko anasoma taarifa ya habari." Meza yake ikacheka. Nilitabasamu kama mtu asiyesikia.

Halafu vikaja vita. Adui wanasogea, Ilva anasimama, anainua mkono, na mbele ya watu wote wale nikajisikia nikisema, "Rinda rango!"

Linda lango. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo nilivyofundisha watoto miaka minane. Lakini siku ile nilikuwa nakimbizana na mvua na ulimi ukarudi nyumbani. Jean-Paul hakusikia kosa kwa sababu yeye husema hivyohivyo. Aimable hakusikia. Katika baa ile hapakuwa na hata mmoja asiyesema "rango" akiwa kwake. Ila hakuna aliyetaka kapteni wa anga aongee kama shangazi yake.

Walicheka mpaka mhudumu akaweka sinia chini. Waliirudisha nyuma wakaisikiliza tena. Waliirudisha tena. Régis naye alicheka, kisha akaniona, akaacha.

Wakati wa kutoka Xavérine alinishika bega akasema nisijali, watazoea. Nikiwa bado kwenye pikipiki simu ikalia. Xavérine ameandika kwenye kundi, ambalo anajua nimo: "Wametuletea mwalimu atusomee kitabu, na kitabu chenyewe hajui kukisoma."

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda misani. Nimesoma maoni ya watu mtandaoni.

Mtu wa Mwanza amegeuza sauti yangu kuwa mlio wa simu na ameugawa bure. Mtu wa Mombasa anataka Wanyarwanda tunyang'anywe herufi moja kati ya zile mbili, tubaki na moja tuizoee. Mwingine ameuliza kama nina meno. Kilichopendwa zaidi ni hiki: "Orsa hakufa vitani. Alimsikia binti yake akiongea."

Hicho hata mimi nilikaribia kucheka. Kisha nikaona kwamba Xavérine amekituma katika makundi mengine matatu.

Nilimwomba Aimable tulisahihishe neno lile. Aliuliza Nairobi, wakajibu kwamba sehemu imeshatoka na watu wanaizungumzia, basi iachwe. Aimable naye hakuhuzunika. Kwake yeye, siku ya kulia ni ile watu watakaponyamaza.

Jumanne, 11 Machi

Wakati wa chakula Régis amesimama, amejifunga kitambaa kichwani kama changu, ameinua mkono na kusema "Rinda rango" kwa sauti yangu kabisa. Si ya kukaribia. Yangu. Mama alicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, maana tangu Ijumaa nilikuwa sijacheka, na nikamwambia neno la mwisho alipandishe kidogo ndipo lilingane. Akalipandisha.

Ijumaa, 14 Machi

Ametuma klipu mtandaoni. Amevaa sufuria kichwani, yuko jikoni kwangu, na kwa sauti yangu anatoa amri: "Rinda sufuria. Rinda maharage. Adui ni paka." Sauti iko pale, na ile hatua ya kupandisha niliyomfundisha mimi.

Nimemwomba aifute. Alinionesha idadi ya waliotazama kama mtoto anayeonesha alama za mtihani. Nilimgeukia Mama. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mwache," alisema. "Ni mara ya kwanza watu wanamwita kwa jina lake."

Jumatano, 19 Machi

Mvua siku nzima. Hatukurekodi.

Jumamosi, 22 Machi

Wanafunzi wangu wa zamani, kituo cha mabasi cha Remera: "Rinda rango, mwalimu." Wameniamkia kwa adabu kwanza, kisha wakasema.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulizibua mtaro unaojaa kila mvua ikinyesha. Mkuu wa mtaa alipanga watu, wengine huku, wengine kule, akafika kwangu akasema, "Kapteni, wewe rinda mtaro." Majembe yote yalisimama watu wakicheka. Régis, aliyekuwa upande wa pili, akaombwa aiseme yeye, akaisema, wakapiga makofi. Jirani mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama ni Régis aliyenifundisha ile sauti.

Alhamisi, 3 Aprili

Redio moja imemwita Régis mara mbili wiki hii. Amemnunulia Mama kitenge na viatu vya misa. Mama anavitembeza ndani ya nyumba ili vilainike. Ninavisikia vikipita nje ya chumba changu.

Jana nilirudi kutoka studio nikajifungia. Sehemu iliyotoka wiki iliyopita ilikuwa nzuri, nilijua ni nzuri, Jean-Paul alivua spika za masikioni akanitazama tu nilipoirekodi. Hakuna aliyeitaja. Wote walikuwa wanagawana stika mpya yenye uso wangu. Nililia kama mjinga, mdomo kwenye mto, nikijiambia kwa maneno kwamba niache, niache, nirudi shule. Kisha nikanawa uso nikala.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Baa hazioneshi kitu. Kundi la Mabaharia limejaa mishumaa. Mama hasemi wala hali mpaka jioni, kama kila mwaka, na Régis anamkalia karibu kumshika mkono. Anajua kukaa na Mama. Mimi sijui.

Jumatatu, 14 Aprili

Stika ya kwanza ilifika kabla ya chai.

Jumatano, 16 Aprili

Mzee Révérien amekuja studio. Atasema wosia wa Orsa, ile hotuba ambayo Ilva anaikuta kwenye kumbukumbu za merikebu. Nilikuwa nimengoja siku hii tangu utotoni. Ni mfupi, ana kikohozi, alikuja na chupa yake ya chai. Alipoifungua sauti ile, Jean-Paul alifumba macho.

Mvua ikatusimamisha, tukakaa wawili. Nilimwambia jinsi tulivyokuwa tukimsikiliza. Alinisikia mpaka mwisho bila kuonesha furaha yoyote, akasema kwamba naongea vizuri na ndiyo shida yangu, kwamba mtu akinisikiliza anaona karatasi. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapuliza chai.

Kisha akaniuliza kuhusu Régis. Nilidhani atamsifu, kama wote.

"Alikuja kwangu mwaka juzi, anataka nimfundishe," alisema. "Nikamwekea filamu, nikampa maiki. Alikaa tu. Yule hana sauti, Alida. Iko anafuata ya mwingine. Wewe usipopita mbele, yeye hana pa kukanyaga."

Mvua ilipokwisha alirekodi wosia wake mara moja, akaondoka bila kuniaga.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Régis alikuwa na onesho lake la kwanza la jukwaani, katika baa ileile ya Xavérine. Mama alivaa kitenge kipya na viatu vya misa, akanishika mkono akaniambia niende, nisionekane nina wivu na mdogo wangu. Nilienda. Nilikaa nyuma.

Alifanya sufuria. Alifanya mtaro. Alifanya mimi nikikataa nyama kwa ajili ya koo. Watu walikuwa wanagonga meza. Kisha akaomba taa zipunguzwe, akatangaza kwamba sasa wataona Kapteni akiwa nyumbani, ambako adui hayupo. Akaketi, akachukua mto, akaweka mdomo juu yake.

"Niache," alisema. "Niache, nirudi shure."

Kilikuwa kilio changu. Pumzi zilezile, kule kukwama katikati, hata kikohozi cha mwisho. Alikuwa amesimama nje ya mlango wangu siku ile, na alikuwa amesimama kwa muda mrefu, maana aliyajua yote kwa mpangilio.

Baa ilicheka kuliko ilivyocheka siku ya kwanza. Xavérine alikuwa amejiinamia juu ya meza. Mama alicheka pia. Hakujua. Nilimtazama akijifuta macho kwa ncha ya kile kitenge na nikajua kwamba hakujua, na bado nilimchukia.

Nyumbani Régis aliniuliza kama nilipenda. Nilimwambia alifanya vizuri sana.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Aimable asubuhi. Sehemu inayofuata ina kijana anayeitwa Bako, fundi wa mitambo aliyeachwa nje ya merikebu akimwomba kapteni amfungulie. Ni dakika mbili tu lakini ndizo zitakazokumbukwa. Aimable alikuwa bado hajapata mtu. Nilimwambia ampe Régis. Nilimweleza kwamba Mabaharia wanampenda, kwamba wakimsikia ndani ya tamthilia watanyamaza, kwamba ndugu wawili katika merikebu moja ni habari nzuri kwa magazeti. Alinishika mikono yote miwili. Amesema wengine wangekuwa na kinyongo.

Jumatano, 23 Aprili

Régis amelia. Alisimama pale mlangoni mwa chumba changu, safari hii akabisha hodi, akasema hakustahili na kwamba zile klipu ataziacha, kwamba siku zote alitaka kazi kama yangu, na alichokuwa anafanya ni kubisha mlango wa kazi hiyo. Nilimwambia najua.

Mama ametupikia isombe na samaki. Ameniita mtoto wake mkubwa.

Aimable ameshatangaza kwenye ukurasa wa studio.

Jumatatu, 28 Aprili

Régis anafanya mazoezi bafuni. Aliniomba mara tatu nimsomee maneno ya Bako ili aone yanavyokwenda. Nilimwambia ninatunza koo.

Jumanne, 29 Aprili

Alipiga pasi shati, ingawa hakuna atakayeliona. Alimsalimia kila mtu studio, hata mlinzi. Jean-Paul alimwekea maiki sawa na urefu wake, akamvalisha spika za masikioni, akawasha kamera ndogo ambayo studio huwekea kumbukumbu zake. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo, kwenye kiti cha Aimable, kwa sababu Aimable aliniomba nimwongoze ndugu yangu.

Maneno ni machache. "Kapteni, usiniache huku nje. Nina mama."

Picha ikaja, mdomo wa Bako ukafunguka, na Régis hakusema kitu. Alicheka kidogo, akaomba radhi. Tukarudia. Alisema, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayesoma bango. Tukarudia. Jean-Paul alimwambia asahau maiki, afikirie tu kwamba anaachwa. Régis akafumba macho, akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ikawa yangu. Ilva akimwomba Ilva. Jean-Paul akacheka kabla hajajizuia.

Baada ya hapo haikutoka nyingine. Kila alipojaribu ilikuwa mimi, au Mzee Révérien, au mtangazaji wa redio, au si mtu yeyote. Jasho lililowanisha shati lake mgongoni. Mvua ikaja, Jean-Paul akazima, na tulikaa, yeye kule ndani na mimi huku, bati likinguruma, na hakuvua spika zile. Ilipopungua, Jean-Paul akawasha tena.

Régis alisogeza mdomo karibu na maiki.

"Dada," alisema, "sema wewe kwanza. Mara moja tu. Nitakufuata."

Kitufe cha kuongea naye kilikuwa chini ya kidole changu. Ningesema yale maneno, angeyasema baada yangu, na angeyasema vizuri. Hilo nalijua. Lingekuwa jambo la pumzi moja.

"Sema mwenyewe," nilimwambia.

Alijaribu tena. Mdomo ulikwenda bila sauti. Mwishowe Aimable aliingia, akazima taa nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, akasema siku nyingine. Sote tulijua hakuna siku nyingine.

Nilipokuwa naondoka nilimwomba Jean-Paul anitumie kile kipande cha video, kiwe kumbukumbu ya nyumbani. Alinitumia.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekipeleka kwa Xavérine mwenyewe dukani. Alikitazama akiwa amesimama kati ya vitenge vyake, mara mbili, mdomo wazi, na aliniuliza kama nina hakika. Hakuniuliza kwa huruma. Aliuliza kama mtu anayeogopa atanyang'anywa.

Ijumaa, 2 Mei

Wamemwita Bubu wa Kagarama.

Hapana hata mmoja aliyemtetea. Wale waliogonga meza siku ya Pasaka ndio walioanza. Wamekata kile kipande mahali anapofumba macho na mdomo unatembea, wakaweka juu yake sauti ya ng'ombe, ya tarumbeta, ya king'ora. Wanasema aliwadanganya. Wanasema alikuwa anakula kwa jasho la dada yake. Mimi sasa ni dada yake, nimeacha kuwa asiye na meno.

Na kila klipu inaishia na sauti yangu, baridi, safi, kila herufi mahali pake: "Sema mwenyewe."

Xavérine ameandika: "Huyu ndiye Kapteni tuliyekuwa tunamngoja."

Jumamosi, 3 Mei

Redio imemfutia kipindi. Alikuwa ameshavaa.

Jumatano, 7 Mei

Alikuwa amebakiwa na onesho moja, Kagugu, ambalo mwenye baa hakulifuta. Nilimwambia asiende. Nilimwambia kweli, nikiwa nimesimama mlangoni. Alinijibu kwamba akisimama mbele yao watakumbuka walivyokuwa wakimpenda.

Mama ndiye aliyeniambia yaliyotokea, maana alikwenda naye. Régis alipanda jukwaani, akashika maiki, na kabla hajafungua mdomo ukumbi wote ukaanza kwa pamoja, kwa kupiga meza: sema mwenyewe, sema mwenyewe. Aliinua mkono kama anavyoinua akitaka kufanya Ilva. Hawakumpa nafasi. Alisimama mpaka bia ya kwanza ikamfikia kifuani. Mama alipanda mwenyewe kumshusha, na viatu vile vya misa.

Mama alipomaliza kusimulia aliweka simu yake mezani, akacheza kile kipande mpaka mwisho.

"Hii ni sauti yako," alisema.

Nilikubali.

"Nani aliwapa?"

Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia pia kuhusu mto, kuhusu kilio kile alichokicheka Pasaka, kilikuwa cha nani na kiliibwa wapi. Alisikiliza. Nilidhani sasa ataelewa.

"Yeye alifanya watu wacheke," alisema Mama. "Wewe umemfanya nini?"

"Nao wamecheka," nilijibu.

Alijipakulia, akampakulia Régis, akachukua sahani zote mbili akaingia chumbani kwake. Sufuria aliiacha wazi ili nijihudumie.

Jumapili, 11 Mei

Régis ameondoka. Amepata pa kukaa Kagugu. Alikunja godoro mwenyewe. Hakunitukana, hakuniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila alichoweza kuniambia, na hakuniambia hata kimoja.

Jumatano, 14 Mei

Mama amemfuata, kwa wiki moja, anavyosema. Amechukua mashine yake ya kushonea.

Ijumaa, 23 Mei

Sehemu ya mwisho. Wakati Ilva anasimama peke yake kwenye usukani na kusoma majina ya waliokufa, baa nzima ilikuwa kimya. Mtu mmoja alikuwa analia. Taa zilipowashwa walisimama wote, wakanigeukia, wakaanza kugonga meza, na nilijua wanachotaka. Nikawapa: "Sema mwenyewe." Walipiga kelele hadi watu wakatoka kwenye maduka ya jirani.

Mzee Révérien alikuwepo, karibu na mlango. Alikunywa chai yake, akaondoka.

Jumatatu, 2 Juni

Mkataba wa msimu wa pili umefika. Jean-Paul anasema sauti yangu imepata kitu mwishoni mwa mwezi wa nne ambacho haikuwa nacho. Anataka kujua nilifanya mazoezi gani.

Mvua imekwisha. Tunarekodi kutwa nzima bila kusimama.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Kagugu. Mama hapokei simu zangu siku hizi ila Jumapili, na jirani alikuwa ameniambia Régis anaosha magari kwenye kiwanja kilicho baada ya kituo cha mafuta. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilinunua maandazi njiani ili nisifike mikono mitupu.

Alikuwa amevaa buti za mpira na alikuwa anasugua gurudumu la gari jeupe. Amekonda. Aliniona, akaniamkia kwa kichwa, akaendelea kusugua. Nilisogea karibu nikamuuliza hali, akatikisa kichwa kwamba ni nzuri. Nikamuuliza Mama yukoje. Akaonesha kwa mkono upande wa nyumba zilizo juu, maana yake yupo, niende. Kazi ile haihitaji maneno. Wateja wanaonesha kidole, yeye anaosha.

Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi, kijana mwenye suti. Alikuwa amenisikia nikiuliza. Alisimama.

"Ni wewe," alisema. "Kapteni. Nimeijua sauti."

Alitoa simu, akasema mke wake hataamini, akaniomba nimwambie lile neno, mara moja tu, akiwa ananirekodi. Alikuwa na uso mzuri, wenye furaha. Hakumtazama Régis hata kidogo. Kwake alikuwa mtu wa maji tu.

Ningeweza kukataa. Nilijiambia kwamba nikikataa atauliza sababu, na akiuliza sababu atamtazama Régis vizuri na kumtambua. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini simu ilikuwa imeshainuliwa, na nilishaanza kunyoosha mgongo.

"Sema mwenyewe," nilisema. Nilisema vizuri, taratibu, na nikasikia jinsi maneno yalivyokuwa safi.

Kijana yule alicheka, akanishukuru, akarudi kwenye benchi kuitazama. Régis alikuwa amesimama nyuma yangu na mpira wa maji mkononi, akingoja tumalize. Alinigusa kiwiko, kwa kidole kimoja, ili asinichafue.

"Dada, sogea," alisema. "Viatu vyako vitalowa."

Nikasogea. Akafungulia maji.